Kannappa ya 1976 au ya 2025?

Filamu mbili, Bhakta Kannappa ya 1976, iliyoongozwa na Bapu, na Kannappa ya 2025, iliyoongozwa na Mukesh Kumar Singh, zote za Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, zinasimulia kisa kimoja: mwindaji Thinnadu, asiyesomea ibada, anaishia kumtolea Shiva, mungu wa Kihindu, macho yake mwenyewe huko Srikalahasti, mji wa hekalu nchini India. Ya pili haikubania fedha. Ilipigwa picha kwa sehemu kubwa New Zealand na kujaza nyota kama Mohanlal, Akshay Kumar na Prabhas, ambaye ni mtoto wa ndugu wa Krishnam Raju, aliyeigiza Thinnadu mwaka 1976. Tatizo ni kwamba vita vya makabila vinameza sehemu kubwa ya saa tatu zake, na imani inachelewa mno kuingia.

Kipimo halisi ni tukio la mwisho: jicho moja limekwisha kung'olewa, naye anaweka mguu juu ya lingam, nguzo ya mawe inayomwakilisha Shiva, jambo ambalo kwa kuhani ni kufuru, ili akishapofuka apapate mahali pa kuliweka la pili. Hapo Vishnu Manchu, Thinnadu wa 2025, anatulia na kushawishi. Hata hivyo, mwenye jioni moja tu namshauri achague ya 1976.