Matone ya kulainisha nta ya sikio: ya kununua, na ya kuacha dukani

Sikio likianza kulia kama nyenje usiku, wengi hukimbilia famasi kuomba "dawa ya masikio" na kurudi na chupa yoyote waliyopewa. Chupa hizo zote zina uwezo wa kuondoa chanzo kimoja tu cha mlio, nacho ni nta iliyoziba njia ya sikio. Mlio ulioletwa na mashine, spika za ukumbini, umri, kwinini, aspirini nyingi au sindano za antibiotiki za jamii ya gentamisini hautikiswi na tone lolote.

Kabla ya kutoa pesa, fanya kipimo cha bure. Funga mdomo uvume "mmm". Sauti ikiegemea sikio lililoziba, kizuizi huenda kiko njiani: nta, au maji nyuma ya ngoma ya sikio. Ikiegemea sikio zima, na lile jingine limepoteza usikivu ghafla, usinunue chochote. Hiyo ni dharura ya daktari wa masikio, pua na koo ndani ya siku tatu, kwa kuwa vidonge vya steroidi husaidia zaidi vikianzwa mapema.

Debrox ya Marekani ndiyo yenye jina kubwa. Chupa ni ya mililita 15, ndani mna peroksidi ya kabamidi asilimia 6.5. Unalala ubavu, unatia matone 5 hadi 10 bila kuingiza ncha ya chupa sikioni, unatulia dakika kadhaa, mara mbili kwa siku, mwisho siku 4. Otex ya Uingereza ni ndugu yake, asilimia 5. Zote mbili hutoa povu linalochachatika, na hapo ndipo mnunuzi anapoamini kwamba kazi inafanyika. Povu hilo si ushahidi wa chochote, maana peroksidi hutoa povu hata ikigusa ngozi iliyochubuka. Kwenye ngozi kavu au yenye ukurutu huwasha na kuchoma, na mtu mwenye mlio hupata kelele juu ya kelele.

Waxsol ina dokusati asilimia 0.5, ile ile inayotumika kulainisha choo kigumu. Hufanya kazi kama sabuni: inayawezesha maji kupenya kwenye nta. Kijikaratasi chake kinasema ijazwe sikioni usiku, si zaidi ya usiku mbili mfululizo kabla ya sikio kuoshwa. Yaani imetengenezwa kuandaa sikio kwa bomba. Anayeitumia wiki mbili akingoja nta itoke yenyewe anaisingizia dawa kosa lisilo lake. Cerumol ya awali nayo ina mafuta ya karanga kwa wingi, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga airudishe rafuni.

Sasa hesabu inayowaudhi wauzaji. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 10 yenye watu 623. Kutia matone siku tano kulikuwa bora kuliko kutotia kitu, lakini hapakupatikana ushahidi kwamba aina moja inaishinda nyingine, wala kwamba dawa inayashinda maji au maji ya chumvi ya hospitali. Ndiyo maana tunaipa nafasi ya kwanza chupa ndogo ya mafuta ya zeituni kutoka famasi: matone 2 au 3, mara 3 au 4 kwa siku, siku 3 hadi 5. Shika chupa kiganjani dakika chache ipate joto la mwili, usiiweke motoni. Mafuta yaliyochemshwa na kitunguu saumu yaache kabisa, kwani huunguza njia ya sikio.

Nafasi ya pili ni baikabonati ya sodiamu asilimia 5. Ukikosa ya chupa, robo kijiko cha chai (kama gramu moja) kwenye mililita 20 za maji yaliyochemshwa yakapoa hukaribia kipimo hicho; tengeneza ya siku hiyo tu. Iwe baikabonati safi. Magadi ya kuchemshia maharage ni makali zaidi, na bekin pauda ina asidi na wanga ndani yake.

Jambo linalowafanya wengi waache njiani: siku ya pili hali huwa mbaya zaidi. Nta ikinyonya maji huvimba na kuziba kabisa, sauti za nje zinapungua, na mlio wa ndani unasikika peke yake kama redio katika nyumba tupu. Endelea hadi siku ya tano, isipokuwa kuna maumivu.

Bomba la mpira, lile lenye tumbo kama la kuvuta makamasi ya mtoto, ndilo kifaa pekee cha kuoshea tunachokikubali nyumbani. Maji yawe nyuzi 37, sawa na joto la mwili. Yakiwa baridi au moto, kizunguzungu kitakuangusha chini. Daktari wa masikio Robert Bárány alilichunguza jambo hilo hilo kwa wagonjwa waliooshwa masikio, na kazi yake ikampa tuzo ya Nobel ya 1914. Vuta sikio la mtu mzima juu na nyuma, elekeza maji kwenye ukuta wa juu wa njia, bonyeza polepole, na usizibe tundu, kwa sababu maji lazima yapate pa kutokea. Usiguse bomba kama ngoma iliwahi kutoboka, kuna usaha, sikio limefanyiwa upasuaji, au ndilo pekee linalosikia. Mwenye kisukari aoshewe kliniki, maana mchubuko mdogo kwake huweza kuwa maambukizi mazito.

Vijiti vyenye kamera vinavyounganishwa na simu ni vizuri kwa kutazama, na hapo ndipo sifa zake zinapoishia. Picha haina kina, njia ya sikio ina urefu wa sentimita 2.5 hivi tu, na kifuniko laini cha ncha hupenda kuchomoka na kubaki ndani. Tazama kama nta ipo, kisha kiweke kando. Vijiti vya pamba husukuma nta ndani. Mishumaa ya masikio, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi yake mwaka 2010, haivuti kitu: ule uchafu wa kahawia unaoonyeshwa ni nta ya mshumaa wenyewe, na hubaki hata ukiuwasha mbali na sikio.

Vidonge vya ginkgo na zinki vinavyouzwa kwa ajili ya mlio pia viache. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2014 ulishauri visipendekezwe.

Siku tano zikipita na sikio bado limeziba, nenda nta ikavutwe kwa mashine. Likifunguka na mlio ukabaki, au ukiwa wa sikio moja, au unadunda sawia na moyo, omba kipimo cha usikivu na uondoke na grafu yake mkononi. Kama usikivu umepungua, kifaa cha kusaidia kusikia mara nyingi hupunguza na mlio. Na unapoingia kwa daktari, beba orodha ya dawa zote unazomeza, hata za maumivu za dukani.