Niliuliza kigae kina kilo ngapi, nikaambiwa "mama, wewe chagua rangi"

Swali langu lilikuwa moja tu. Nilitaka kubadilisha paa la nyumba yangu kutoka mabati kwenda vigae, na duka hili huuza vigae na lina mafundi wa kuezeka. Nilisimama mbele ya kaunta yao, mkono juu ya kigae cha zege cha maonyesho, nikamuuliza msimamizi wao: hiki kina kilo ngapi, na kenchi zangu, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilizozoea mabati miaka yote, zitakiweza? Akacheka. Si kicheko cha ubaya, ni kile anachochekewa mtoto aliyeuliza jua hulala wapi. "Mama, wewe chagua rangi. Mambo ya juu tuachie mafundi." Vijana wawili waliokuwa wanapakia mzigo nao wakacheka. Nikaona haya, nikanyamaza, nikachagua rangi.

Namba niliyoikosa siku ile nimekuja kuipata mwenyewe, kwa mizani ya kupimia uzito wa mwili.

Kazi yenyewe ilianza vizuri. Walishusha mabati, wakang'oa papi za zamani, zile mbao nyembamba za kulazia bati au kigae, wakagongelea mpya karibukaribu, kila sentimita 30 na kitu, maana kigae hakiwezi kukaa kwenye papi zilizoachana. Nilipoziona zile papi nyingi nikafarijika, nikadhani ndiyo wanaimarisha paa. Kumbe hazikuimarisha chochote. Papi mpya zilikuwa zimepanda juu ya makombamoyo yaleyale, yaani mbao za mteremko wa paa, na kenchi hazikuongezwa hata moja. Kati ya kenchi na kenchi kwangu kuna zaidi ya mita 1. Kwa bati hiyo si shida kabisa. Kwa kigae cha zege ni shida kubwa, na mtu anayeishi kwa kuuza vigae alipaswa kulijua hilo kabla yangu.

Nilimuuliza tena msimamizi nikiwa chini ya ngazi. Hakunijibu kwa namba. Aliita vijana watatu, wakapanda wanne, wakarukaruka juu ya kenchi. "Umeona mama? Imetikisika?" Haikutikisika. Nikaamini. Jambo hilo bado linaniuma kuliko kile kicheko cha kaunta, kwa sababu lilifanana na jibu.

Mvua za kwanza zilipita salama. Za pili zilipokolea, mlango wa chumba cha kulala ukaanza kugoma kufunga. Kisha dari ya jipsamu ikapata ufa, mwembamba kama uzi, kutoka kwenye taa hadi kona. Siku moja narudi nyumbani, nikiwa bado barabarani, nikautazama mgongo wa paa. Umebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Nilisimama pale na mizigo yangu mkononi, magoti yamelegea.

Nikawapigia. "Nyumba inatulia mama, ni kawaida."

Jioni ile nilichukua kigae kimoja kati ya vilivyobaki, nikakiweka kwenye mizani. Kilo 4.4. Kilicholala nje mvuani kilizidi hapo, kwa sababu zege hunywa maji. Kwenye kila mita 1 ya mraba vimeingia vigae 10, yaani kilo 44. Paa langu lina kama mita za mraba 140. Zidisha mwenyewe. Ni zaidi ya tani 6, bila mbao, bila kofia za mgongoni.

Nikaenda uani kwenye mabati yaliyoshushwa. Nikasimama kwenye mizani nimelishika moja la mita 3, nikatoa uzito wangu. Halikufika kilo 9, nalo hufunika zaidi ya mita 2 za mraba. Kwa hiyo kenchi zile maisha yao yote zilibeba kama kilo 4 mahali ambapo leo zimebebeshwa 44. Wale wanne waliorukaruka, hata tukisema kila mmoja ana kilo 75, ni kilo 300 kwa dakika mbili. Wakashuka. Zile tani 6 hazishuki.

Nilitamani sana kuambiwa nimekosea. Nikamtafuta mzee mmoja seremala, akapanda darini na tochi, akakaa huko kimya muda mrefu. Aliposhuka akasema, "Mwanangu, ubao hauvunjiki siku ya kwanza. Unachoka." Ukiubebesha mzigo mzito mfululizo unapinda kidogokidogo, na hata ukiutua haurudi wote. Akanionyesha na jingine ambalo lilinitisha zaidi ya mgongo kubonyea: miguu ya makombamoyo ilikuwa imeanza kusukuma mtambaapanya, ule ubao uliolala juu ya ukuta, kwenda nje. Kombamoyo likilemewa juu hutanuka chini, na pasipo boriti ya chini iliyofungwa sawasawa kulizuia, linaondoka na ukuta. Ndiyo maana mlango uligoma.

Nilimwambia basi ng'oa vigae, turudishe mabati. Akatikisa kichwa. Inawezekana, alisema, lakini tusibadilishe tena bila hesabu. Paa zito hushikwa na uzito wake; paa jepesi upepo hulinyanyua, hivyo bati linataka kenchi zifungwe kwa vyuma hadi kwenye linta, ule mkanda wa zege ukutani, na kwangu zilikuwa zimegongewa misumari tu. Sikuwahi kulifikiria hilo. Tukakubaliana kuongeza kenchi kati ya zilizopo, na nguzo za kushusha mzigo kwenye ukuta wa ndani, baada ya kuhakikisha ukuta huo una msingi wake chini.

Sasa kuhusu hawa watu. Nikitulia naona mikono yao ni hodari. Vigae vimekaa kwenye mstari, mabondeni mwa paa hakuna tone lililopenya, mwinuko waliupima vizuri. Mvua ikinyesha tunasikilizana, kitu ambacho chini ya bati hakikuwezekana, na mchana chumba hakichomi kama zamani. Kigae chenyewe hakina kosa. Nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota 3, nikaona hata mimi nilipaswa kung'ang'ania nijibiwe kabla ya kulipa.

Kisha juzijuzi wakanipigia wao. Nilidhani wanaomba radhi. Yule yule msimamizi: "Mama, tatizo hukutuambia kenchi zako ni za mabati."

Sikuwaambia! Neno hilo ndilo nililoingia nalo dukani, kabla sijaulizwa jina. Nililirudia chini ya ngazi. Mabati waliyashusha kwa mikono yao wenyewe, wakayapanga uani kwangu. Zile nyota 3 nazifuta. Na kuna jambo nililigundua nilipopita dukani kwao kudai maelezo: wanauza pia mabati ya vigae, yale yenye chenga za mawe, ambayo ni kama kilo 7 kwa mita ya mraba. Yalikuwa hatua chache kutoka niliposimama nikiuliza swali langu. Mtu angenijibu kilo 44, nami ningeuliza kama kuna chepesi zaidi, na leo sebuleni kwangu kusingekuwa na miti minne inayoegemeza dari nikimsubiri mzee amalize kenchi.

Nyota 1. Umahiri wa mafundi waliokuwa juu ya paa ndio uliowapa hiyo moja, kaunta haikuchangia.

Kigae nilichokipima nimekiacha pale mlangoni. Msimamizi amesema atakuja kuona. Mizani ipo pembeni yake, na safari hii ataisoma yeye, kwa sauti.