Riwaya kwanza, tawasifu baadaye: maoni yangu kuhusu Walibora, Adam Shafi na Shaaban Robert

Kwa anayetaka kuingia kwenye tawasifu za Kiswahili, ushauri wangu ni kwamba asianze nazo. Aanze na riwaya ya mwandishi huyohuyo, aimalize, ndipo achukue kitabu ambamo mwandishi anajisimulia. Ukigeuza mpangilio huo unaiharibu riwaya: kila mhusika utamsaka katika maisha ya mtunzi, huyu ni babake, yule ni mwalimu wake, na ubunifu wenyewe utakupita.

Jozi ninayoipendekeza kabla ya zote ni ya Ken Walibora. Siku Njema (Longhorn, 1996) inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza na Kongowea Mswahili. Mamake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu Tanga. Baada ya mama kufariki, kijana anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba, na safari inamfikisha hadi Kitale. Udhaifu wake ni sadfa. Watu wanakutana pale hasa mtunzi anapowahitaji, na kuelekea mwisho jambo hilo linazidi. Lakini lugha! Methali zinaingia kwenye sentensi bila kusukumwa, na Kiswahili ni cha pwani kiasi kwamba msomaji anaapa mwandishi alizaliwa Tanga. Ukishaamini hivyo, fungua Nasikia Sauti ya Mama. Humo Walibora, aliyefariki 2020, anasimulia kukua kwake magharibi mwa Kenya, na hapo unatambua ni kazi kubwa kiasi gani aliyoifanya kumpa Kongowea sauti ile. Kinachotoka kitabu kimoja na kuingia kingine ni mama. Ningemaliza Siku Njema, ningekaa wiki moja, kisha ningesoma tawasifu nikiwa na karatasi ya kuandika mahali na majina tu, bila ufafanuzi. Ufafanuzi ungojee hadi kitabu kiishe.

Adam Shafi anahitaji subira zaidi kwa sababu riwaya zake ni kadhaa. Mgeni aanze na Kuli (1979), kisa cha Rashidi, mtoto wa mchukuzi wa bandarini Zanzibar, kinachoelekea kwenye mgomo wa makuli wa 1948. Ni fupi, na kazi ya bandarini imeelezwa kwa uzito wake: magunia, jua, msimamizi, ujira usiotosha. Sehemu za mikutano ya wafanyakazi zinasikika kama hotuba, na mtu akizisoma harakaharaka hapotezi mengi. Haini (2003) ndiyo iliyokomaa. Inaanzia kwenye kuuawa kwa kiongozi, tukio linalomkumbusha msomaji kifo cha Abeid Karume cha 7 Aprili 1972, kisha inakufungia gerezani pamoja na Hamza. Mateso yameandikwa waziwazi; kwa mtoto wa darasa la nane ningesema bado. Baada ya hizo mbili ndipo Mbali na Nyumbani (2013), safari yake ya ujanani kutoka Zanzibar kuelekea kaskazini, Ulaya ikiwa ndoto. Anayekifungua akitarajia kuelezwa jinsi Kuli ilivyoandikwa atavunjika moyo. Ni kitabu cha barabara, cha ujana na cha kutegemea wema wa wageni. Kisomwe kwa mwendo huo na kitakupa raha nyingi.

Shaaban Robert ndiye mgumu kwa msomaji wa leo, na sababu ni moja: katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini anajali funzo kuliko tukio. Karani huyu wa forodha wa Pangani anakupa maadili pale unapotaka tarehe. Katikati kuna tenzi mbili ndefu, Utenzi wa Hati kwa bintiye Mwanjaa na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Suleiman, na hapa ndipo wengi wanapokiweka kitabu chini. Usiziruke. Zisome kwa sauti, beti ishirini kwa kikao, maana zilitungwa zisikike. Macho peke yake yanachoka upesi. Riwaya ya kuitanguliza ni Utubora Mkulima, ambamo karani anaacha kazi yenye mshahara na kurudi kulima. Ukijua mwandishi mwenyewe alikaa ofisini miaka mingi, uamuzi wa Utubora unauma. Na aliyependa mama wa Siku Njema aongeze Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ingawa huo ni wa maisha ya mtu mwingine. Shaaban Robert hajawahi kunipendeza katika nathari kuliko humo.

Sasa nakala. Hapa Nairobi vitabu hivi hupatikana kwa wauzaji wa mitumba katikati ya jiji, na vilivyowahi kuwa vitabu teule vya shule ndivyo vingi. Kosa la kwanza ni kununua mwongozo, yaani kitabu cha kuichambua riwaya, badala ya riwaya yenyewe. Jalada hubeba jina la riwaya kwa herufi kubwa, na neno “mwongozo” limejificha juu kwa herufi ndogo. Angalia jina la mwandishi: kama si la mtunzi, rudisha.

La pili ni kurasa zilizokosekana. Vitabu hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo hasara huja kwa fungu zima. Huna haja ya kuhesabu kitabu chote. Fuata namba mahali fungu moja linapokutana na jingine, ukianzia karibu na 16 na 17, kisha 32 na 33, hivyo hadi mwisho. Kurasa za utangulizi zikiwa na namba za Kirumi, mipaka husogea kidogo.

Nakala bandia utaijua kwa wino wa kijivu, herufi zenye kingo zilizokatika, maandishi yaliyoinama kwenye ukurasa, na gundi inayolia ukifungua katikati. ISBN husaidia pia: 9966 ni ya Kenya, 9976 na 9987 za Tanzania. Kitabu cha Longhorn kisicho na namba yoyote nyuma hakistahili pesa yako.

Nakala za shule huwa zimeandikwa pembeni, na mwanafunzi aliyetangulia mara nyingi amekwisha kutaja nani anakufa. Penseli inafutika, kalamu ya wino haifutiki, na kwa nakala ya namna hiyo usizidishe theluthi moja ya bei ya kitabu kipya. Tawasifu hazikuandikwa sana pembeni, ila ni chache vibandani. Hizo ziulizie Maktaba Kuu ya Taifa au McMillan pale Banda Street kabla ya kutoa pesa.