Kununua Nyimbo Mpya za Besi Nzito: Zisikilize Kwanza kwa Mono

Miezi miwili iliyopita nilinunua rimiksi ya muziki wa dansi wa kielektroniki, nikaisikiliza kwa hedifoni usiku kucha, nikaamini kwamba ndiyo itakayouamsha ukumbi Jumamosi. Ukumbi ninaopigia muziki Sinza una sabufa nne, yaani spika za besi, chini ya jukwaa. Nilipoiachia rimiksi hiyo saa sita usiku, matoazi yalisikika na sauti ya mwimbaji ilisikika, lakini besi haikutoka. Nilizungusha kitufe cha besi kwenye mikisa mpaka mwisho bila kuona tofauti, na watu wakaanza kurudi mezani. Niliporudisha wimbo uliotangulia, sabufa zilinguruma kama kawaida.

Wanunuzi wengi hutazama bei, aina ya faili na jina la mtengenezaji. Jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: je, besi ya wimbo huu inabaki palepale sauti ya kushoto na ya kulia zinapounganishwa kuwa moja? Muungano huo ndio mono. Kumbi nyingi huendesha sabufa kwa mono, na zina sababu nzuri, kwa kuwa wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7 na sikio haliwezi kutambua vizuri linatokea upande gani. Mtengenezaji anayetaka besi yake isikike pana kwenye hedifoni huweza kuigeuza upande mmoja, hivi kwamba wimbi la kushoto linapopanda la kulia linashuka. Masikioni utahisi besi imekuzunguka kichwa chote. Kwenye sabufa ya mono mawimbi hayo mawili hufutana, na unachobaki nacho ni ukimya uliolipiwa.

Kipimo chake hakihitaji studio. Simu nyingi, za Android na iPhone, zina swichi ya sauti ya mono ndani ya mipangilio ya ufikivu. Vaa hedifoni, kwa sababu spika ya simu haifiki chini kiasi hicho, cheza wimbo mpaka besi iingie, kisha washa swichi hiyo na uizime mara kadhaa. Besi ikipungua kidogo, wimbo unavumilika, ikitoweka, usinunue.

Kwa kipimo hicho, ninaiweka Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, nafasi ya kwanza, na sifichi kwamba ninaipenda. Kwa kawaida hukuruhusu kusikiliza wimbo mzima kabla ya kulipa, kwa hiyo unaweza kuupima kwa mono kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata pale besi inapobadilika katikati. Ukishalipa, unachagua mwenyewe kupakua MP3 iliyobanwa, au FLAC na WAV zenye ubora kamili, bila nyongeza. Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya faili, na katika Ijumaa maalumu zilizoanza Machi 2020 huiacha hata sehemu hiyo kwa msanii na lebo. Humo ndimo ninamozipata kazi za Hakuna Kulala ya Kampala, lebo dada ya Nyege Nyege Tapes, ambayo mwaka 2018 ilitoa Lasakaneku ya Slikback, Mkenya ambaye besi yake huanza kukugusa kifuani kabla hujaitambua kwa sikio. Kazi zao nilizozipima zote zilisimama imara kwenye mono.

Nafasi ya pili ni santuri ya inchi 12. Wengi huisifu kwa joto la sauti, lakini mimi naithamini kwa nidhamu yake. Besi iliyogeuzwa upande mmoja huifanya sindano ipande na kushuka ndani ya mfereji badala ya kwenda kando, na inaweza hata kuruka. Kwa hiyo fundi anayekata sahani huikusanya besi katikati, na kosa kama la rimiksi yangu hugundulika kabla sahani haijachapwa. Lebo kama Deep Medi Musik ya London, iliyoanzishwa na mtayarishaji Mala mwaka 2006, zimelelewa katika utaratibu huo. Kinachoniumiza ni gharama: mara ya mwisho nilipoagiza sahani moja, nauli ya kuifikisha Dar es Salaam ilizidi bei ya sahani yenyewe.

Beatport na Juno Download nimeziweka nafasi ya tatu. Ni maduka yenye mpangilio mzuri kwa DJ, matoleo mapya huyaona mapema, na kasi ya kila wimbo imeandikwa. Lakini husikilizisha kipande tu, na kipande hicho kinaweza kuishia kabla ya besi unayotaka kuipima.

Nyimbo za bei rahisi zinazouzwa kwa flashi sina mengi ya kuzisemea: nyingi ni MP3 zilizobanwa mara mbili, na msanii hapati kitu.

Duka lililoniuzia rimiksi ile lilinijibu kwamba faili likishapakuliwa halirudishwi. Nililipa nyongeza ili nipate WAV, nikidhani nanunua uhakika, kumbe WAV huhifadhi kosa kwa uaminifu uleule inavyohifadhi uzuri. Wauzaji hutoza kwa kila kiwango cha ubora, lakini hakuna hata mmoja niliyemwona akiweka kitufe cha mono pembeni ya kile cha kusikiliza, jambo ambalo lingetuokoa sisi tunaosimama mbele ya watu.

Hatimaye nilifungua faili hilo katika programu ya Audacity, nikatenganisha kushoto na kulia, nikafuta upande wa kulia na kulitoa upya kama mono. Baadhi ya mapambo ya sauti yalipotea, lakini Jumamosi iliyofuata besi ilitoka na meza za mbele zikatetema. Ilikuwa kazi ya dakika 5, na ilipaswa kufanywa kabla sijalipa.