Stendi ya drili niliyoimalizia kuitengeneza mwenyewe, kisha nikaambiwa "umeichokonoa"

Kimo chake na uzito wake sitavitaja, vimeandikwa kwenye boksi. Nataka kuzungumzia neno moja nililotupiwa kwenye simu na kijana wa huduma kwa wateja wa kampuni iliyoniuzia: "Kaka, hicho kifaa umekichokonoa." Nimekichokonoa! Ni wiki kadhaa sasa na bado neno hilo linanikereketa rohoni, kwa sababu yale anayoyaita kuchokonoa ndiyo pekee yaliyokifanya kifaa chenyewe kitoboe tundu lililonyooka.

Nianze mwanzo. Karakana yangu ni ya nyumbani: meza ya mbao nzito, jiliwa la kubania kazi, tupa, grenda, na drili ya mkono niliyoizoea kama kijiko. Mashine kubwa ya kutobolea ya kusimama haina pa kukaa, ndiyo maana nilinunua stendi, ili niifunge drili humo iwe inashuka wima kwa mkono wa kuvuta. Aliyewahi kutoboa matundu manne ya bawaba kwa mkono mtupu anajua shida yake. Juu ya chuma tundu liko kwenye alama, ukigeuza upande wa pili limehama, bolti tatu zinaingia na ya nne inagoma.

Kabla ya kutoboa chochote niliijaribu kwa waya, na ninamsihi kila mwenye stendi ya aina hii afanye hivyo. Chukua waya mgumu, upinde sehemu mbili kama herufi Z, ncha moja uibane kwenye taya za drili, ncha ya pili ining'inie pembeni ikikaribia kitako cha stendi. Chomoa drili kwenye umeme. Kisha zungusha taya kwa mkono, polepole, waya ufagie duara juu ya kitako. Ukigusa sawasawa mbele, nyuma, kushoto na kulia, drili imesimama wima. Wangu ulikwaruza mbele, na ulipofika nyuma ukaelea hewani. Nilipima uwazi ule: milimita moja na nusu, kwenye duara la upana wa milimita 200. Kifaa kipya, hata vumbi hakijashika, na nguzo yake imeinama mbele kama mtu anayesalimia.

Sikukasirika siku hiyo. Nilikata vipande vya kopo la soda, ambalo ukuta wake una unene wa karibu milimita 0.1, nikavisukuma chini ya kitako cha nguzo kwa upande wa mbele, kimoja baada ya kingine. Kitako cha nguzo kina upana wa milimita 60, kwa hiyo hesabu ilinidai karibu milimita 0.45 ya kabari. Vipande vinne havikutosha, cha tano kikakamilisha. Nikakaza bolti, nikazungusha waya, ukafagia duara zima kwa sauti ile ile laini, shii, shii, bila kuruka popote. Nilifurahi kweli. Nilimwita mwanangu aje asikilize.

Ila nguzo ilikuwa nusu tu ya ugonjwa. Nusu ya pili ilikuwa kwenye kichwa, yaani kile kipande cha alumini ya kusubu (iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu) kinachopanda na kushuka kwenye nguzo kikiwa kimebeba drili. Kilikuwa kinapwaya. Ukikishika na kukitikisa, kinacheza. Mtu atasema ni kidogo tu, sehemu mbili za kumi za milimita, nini hicho? Lakini kichwa kinaikumbatia nguzo kwa urefu wa milimita 40 tu, na ncha ya biti, kile chuma chenyewe kinachotoboa, iko milimita 200 mbele yake. Kile kidogo cha kwenye nguzo kinazidishwa mara tano kikifika kwenye ncha: milimita nzima. Na kinatokea wakati mbaya kabisa, ule unapovuta mkono kushuka, biti inakataa kuingia kwenye chuma, kichwa kinainuka mbele na biti inateleza kutoka kwenye alama uliyoipiga kwa uangalifu.

Basi nikafanya ninachokifanya siku zote. Nyuma ya kichwa, upande wa pili kabisa wa mahali drili inapofungwa, nilitoboa matundu mawili ya milimita 5, moja juu na moja chini, nikakata ndani yake hesi ya M6, yaani mistari ya kushika skrubu ya milimita 6, nikaingiza skrubu mbili zisizo na kichwa. Mbele ya kila skrubu nilitia kipande kifupi cha shaba ili chuma kisikwaruze nguzo. Ukizikaza taratibu unafika mahali kichwa kinashuka bila kukwama wala kutikisika, hapo unazifungia na nati. Grisi kidogo kwenye nguzo, kazi imekwisha. Ilinichukua mchana mmoja.

Na nisiwe mchoyo wa sifa: kuanzia hapo stendi hii ilinipa raha ambayo sikuitarajia. Miezi miwili hivi, pengine zaidi, nilitoboa chuma bapa, mbao, plastiki, hata vitufe vidogo vya alumini, na kila tundu lilikuwa pale pale. Bolti zilikuwa zinaingia kwa kidole. Kama ningeandika haya wakati ule, ningewaambia mnunue bila kufikiri mara mbili, mradi mna kopo la soda na mchana mmoja.

Halafu ikavunjika.

Nilikuwa natoboa tundu la milimita 8 kwenye chuma bapa chenye unene wa milimita 5. Si kazi nzito. Nilishatangulia na biti ndogo, mwendo wa drili niliupunguza kama inavyotakiwa kwa biti nene, tone la mafuta lilikuwepo, chuma kilikuwa kimebanwa kwenye jiliwa. Miwani usoni, mikononi sina glavu, kwa sababu glavu na biti inayozunguka ni maadui. Nikasikia "tak!" kavu, kama kijiti kinachovunjwa gotini. Drili ikalala upande ikiwa bado inazunguka, biti ikakatika katikati, kipande chake kikagonga ukuta nyuma yangu. Nilizima umeme nikakaa chini. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kama chuma kile ningekuwa nimekishika kwa mkono badala ya jiliwa, sijui ningekuwa naandika kwa vidole vingapi.

Kilichovunjika ni pete, ile ya mbele inayobana shingo ya drili. Ina masikio mawili na bolti moja ya kuyavuta yakaribiane. Sikio moja lilikuwa limeng'oka lote. Shingo ya drili yangu ni milimita 43, kipimo cha kawaida kabisa cha drili zenye shingo ya kubanwa, na pete imeandikwa 43. Sikulazimisha kitu.

Nikalipeleka sikio lile dirishani nikalitazama kwenye mwanga. Hapo ndipo hasira ilipoanza. Alumini iliyosubiwa vizuri ikivunjika, uso wake huwa na chembe ndogo zilizoshikana, rangi moja. Huu ulikuwa na vitundu kama jiwe la kusugulia miguu. Viputo vya hewa, vimegandishwa ndani ya alumini siku ilipomiminwa. Kimoja kilikuwa kikubwa kama punje ya mtama, na kilikaa pale pale kwenye kona sikio linapoungana na pete, mahali panapobeba nguvu yote bolti ikikazwa. Kuta za kiputo hicho zilikuwa laini na zinang'aa. Hazikuvunjika siku hiyo, zilizaliwa hivyo. Nilichomeka ncha ya pini humo ikazama.

Dhamana ilikuwa bado haijaisha. Nikapiga picha za kila upande, za mbele na za nyuma. Sikuficha skrubu zangu. Zitafichwaje, na za nini? Niliwaandikia kwa adabu, nikaeleza kila kitu, nikasema nahitaji pete tu, stendi nyingine sihitaji. Siku zikapita kimya. Nikapiga simu.

"Nimeziona picha zako," kijana akasema. "Kaka, hicho kifaa umekichokonoa. Kuna matundu nyuma."

Nikamwambia matundu yako nyuma, pete imevunjika mbele.

"Dhamana haihusu kifaa kilichobadilishwa."

Nikamwomba anieleze, taratibu, tundu lililo nyuma ya nguzo limeungana vipi na sikio lililo upande mwingine wa kichwa. Akanyamaza kidogo, akarudia sentensi ile ile. Nikamwomba niongee na fundi wao. "Hapa hatuna fundi, sisi ni huduma kwa wateja." Nikamuuliza juu ya kiputo cha hewa, kama amekiona kwenye picha ya tatu. Akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga dirisha: "Ungekitumia kama kilivyo, haya yote yasingekukuta."

Kama kilivyo! Kama kilivyo, nguzo imeinama. Kama kilivyo, kichwa kinapwaya. Kama kilivyo, tundu la kwanza lingehama milimita nzima na ningekirudisha siku ya pili, na pengine hilo ndilo lilikuwa kosa langu halisi, kwamba nilijisumbua kukiponya badala ya kukirudisha.

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Najua kampuni ina haki ya kujilinda. Kuna mtu atakata nusu ya kifaa kwa grenda, achomelee chuma kingine juu yake, kisha adai kipya. Na ni kweli kwamba tundu lililotobolewa mahali pabaya linaweza kudhoofisha alumini ya kusubu. Hata M6 mbili zikikazwa kupita kiasi zinaweza kuipasua kutoka ndani. Wangeniambia ufa umeanzia kwenye tundu langu, ningenyamaza na kulipa. Nilizikagua hesi zangu kwa kioo cha kukuzia: hazina ufa hata wa unywele. Sehemu ile ni nzima mpaka leo. Na kijana yule labda anasoma karatasi aliyowekewa mbele yake, sina ugomvi naye binafsi. Au ninao. Kile cha "ungekitumia kama kilivyo" hakikuwa kwenye karatasi yoyote.

Nikaulizia basi kununua pete. Haiuzwi peke yake, inakuja na kichwa, na kichwa hakiuzwi bila nguzo. Yaani ninunue stendi nzima, yenye nguzo nyingine iliyoinama, kwa ajili ya sikio lenye ukubwa wa kidole gumba.

Nilitengeneza pete ya mbao. Nilichukua kipande cha mbao ngumu kavu, unene wa milimita 50, nikakitoboa kwa msumeno wa duara wa kutobolea, ule wa umbo la kikombe, wa milimita 44, nusu kutoka juu na nusu kutoka chini ili usihame. Kisha nikapasua upande mmoja kwa msumeno hadi ndani ya tundu, ili mbao ipate nafasi ya kujibana, na bolti ya M8 ikapita kuvuka mpasuko huo na washa (visahani bapa vya chuma) pana kila upande zisizame kwenye mbao. Ile milimita moja iliyozidi niliijaza kwa ukanda wa kopo la soda, mizunguko mitano, hapo shingo ikaingia kwa kusukuma. Mabaki ya pete ya zamani niliyakata, nikasawazisha uso kwa tupa, nikafunga bonge la mbao juu yake kwa bolti mbili.

Na inafanya kazi kuliko ile ya mwanzo. Mbao inameza mtetemo, drili ina sauti nzito tulivu, biti haipigi kelele ikiingia kwenye chuma. Waya unafagia duara zima. Nikiangalia stendi hii leo natamani kuipa nyota nne, maana nguzo yake ni imara, mkono wake wa kuvuta una meno mazuri, na imenifundisha mengi. Halafu nakumbuka kipande cha biti kilichopita nyuma ya kichwa changu. Hapana. Nyota moja, na hiyo ni ya nguzo.

Kama umeshainunua, usingoje. Ifungue pete kabla hujaweka drili, ishike kwenye mwanga mkali, chunguza kona za masikio. Ukiona vidoa vyeusi au vitundu, irudishe siku hiyo hiyo kabla hujagusa chochote, na jaribio la waya nalo ulifanye siku hiyo hiyo, upige picha uwazi ukiwa na rula pembeni. Usiikarabati kwanza kama nilivyofanya mimi. Irudishe ikiwa na ugonjwa wake, waone wenyewe.

Sikio lile lililong'oka nimelifunga kwenye karatasi, liko kwenye droo ya juu pamoja na nusu ya biti. Siku wakipata fundi, nitalileta mimi mwenyewe na kioo cha kukuzia.