OraQuick, kipimo cha kujipima VVU: kizuri kwa kazi yake, ila si kwa wiki ya kwanza

Wengi hukinunua kipimo hiki wakiwa na hofu mbichi: kondomu imepasuka, au haikutumika kabisa, na usingizi hauji. OraQuick ni kifaa kilichotengenezwa kwa ustadi, lakini mara nyingi hutumiwa wakati ambapo hakiwezi kumwambia mtu chochote kuhusu tukio linalomsumbua.

Nianze na sifa zake, maana kinazo, hasa kwa mtumiaji wa kawaida, asiyewahi kushika kifaa cha maabara. Hakuna sindano wala tone la damu. Kijiti kina pedi laini mwishoni, nawe unaipitisha mara moja kwenye fizi za juu na mara moja kwenye fizi za chini, kisha unakitumbukiza kijiti kwenye kichupa cha majimaji na kusubiri. Rangi ya waridi hupanda polepole katika kidirisha, halafu hufifia na kuacha mstari kwenye alama ya C, unaoonyesha kwamba kifaa kimefanya kazi. Majibu husomwa kuanzia dakika ya 20 hadi ya 40, si kabla wala baada ya hapo. Mstari wa C peke yake maana yake VVU havikugunduliwa. Ukitokea mstari mwingine kwenye T, hata ukiwa hafifu kiasi cha kuhitaji taa kuuona, majibu hayo huhesabiwa kuwa chanya, na hapa ndipo watu hujidanganya kwa kuuita kivuli.

Kwa kuwa kinapima kinywani, baadhi hudhani kinatafuta virusi kwenye mate, na hivyo kubusu nako kuna hatari. Sivyo. Kinachotafutwa ni kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya kuvamiwa na virusi. Mate hayaambukizi VVU. Tatizo ni kwamba askari hao hawazaliwi kwa siku moja. Vipimo vya kingamwili huweza kugundua maambukizi kati ya siku 23 na 90 baada ya tukio, na ndiyo maana maelezo ya OraQuick yanataka miezi mitatu ipite ndipo majibu hasi yaaminiwe. Anayejipima siku ya tano anapata mstari mmoja ulio safi kabisa, ambao unazungumzia maisha yake ya miezi iliyopita wala si usiku ule.

Mwenye haraka ya kujua anavyo vipimo vinavyomfaa zaidi. Damu ya mshipani ikipimwa maabara kwa kipimo kinachotafuta antijeni (yaani sehemu ya virusi vyenyewe) na kingamwili kwa pamoja, maambukizi huweza kuonekana kati ya siku 18 na 45, na kipimo cha vinasaba vya virusi huweza kuyaona kati ya siku 10 na 33. Hata hivyo, ndani ya saa 72 za kwanza swali la maana si kupima kwa kijiti, bali ni kufika kituo cha afya kuuliza kuhusu PEP, dawa za kinga zinazomezwa kwa siku 28 na ambazo hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema. Saa za kusubiri kipimo kiletwe nyumbani ni saa zinazotolewa katika hizo 72, na hilo kwangu ndilo kosa kubwa la kukikimbilia.

Huko kituoni mtu ataulizwa kilichotokea, na majibu yake yana uzito. Pale ambapo mwenza ana VVU na hatumii dawa, makadirio yanayotumika sana ni maambukizi 138 katika kila matendo 10,000 kwa anayeingiliwa kinyume cha maumbile bila kinga, 8 kwa mwanamke anayeingiliwa ukeni, na 4 kwa mwanamume katika tendo hilohilo. Vidonda na magonjwa mengine ya zinaa huongeza hatari hiyo. Mwenza anayetumia ARV na ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye vipimo haambukizi kwa njia ya ngono.

Kuhusu usahihi, majaribio ya matumizi ya nyumbani yaliyotangulia idhini ya Marekani ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba kipimo kiligundua takriban asilimia 92 ya wenye maambukizi, kumaanisha kuwa karibu mmoja kati ya 12 aliambiwa hana ilhali anavyo. Kwa wasio na maambukizi, kilipatia kwa asilimia 99.98. Kwa hiyo majibu chanya ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito mkubwa, ingawa bado yanahitaji kuthibitishwa kwa kipimo cha damu kabla ya mtu kuanzishiwa dawa.

Ningempendekezea kifaa hiki mtu anayetaka kujua hali yake kwa ujumla, hasa anayeona haya kupanga foleni ya kupima, mradi miezi mitatu imepita tangu tukio la mwisho la hatari. Anayetumia ARV asikitumie kabisa, kwani huenda kikamwonyesha hana virusi. Aliyemeza PEP, au anayetumia PrEP, yaani dawa za kinga zinazotumiwa kabla ya tukio la hatari, naye apimwe kituoni kwa ratiba atakayopewa, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuchelewesha kingamwili kuonekana.