TAHADHARI: Picha za mashujaa zinazouzwa mtandaoni, Tabora na Kigoma msitume hela

Ndugu zangu, kuna mtu anawauzia watu wa huku kwetu picha za ukutani za Waafrika waliopambana na wakoloni, na anachotuma sicho anachotangaza. Mimi ni fundi fremu hapa Tabora mjini. Picha zake zinaletwa mezani kwangu ziwekewe kioo, kwa hiyo ninachosema nimekishika kwa mikono.

Tangazo lake linavutia kweli. Anasema ni chapa za sanaa kwenye karatasi nzito ya pamba, zimepigwa nakala 50 tu, kila moja ina namba yake na saini ya msanii kwa penseli, na cheti juu. Moja 180,000, tatu 450,000. Unatanguliza nusu. Ukishatuma, siku ya pili anakupigia kwamba mzigo umekwama Dar, ongeza 45,000 ya ushuru wa forodha ndipo upakiwe kwenye basi. Jamani, forodha inahusu mzigo unaoingia nchini. Kifurushi kinachotoka Dar kuja Tabora kinalipiwa nauli ya basi, basi. Wapo waliotuma hiyo 45,000 na hadi leo simu yake haipokelewi. Wengine walitumiwa picha, na hizo ndizo nilizoziona.

Wiki hii wateja wawili wasiojuana wameniletea picha ileile. Nikazilaza sambamba. Zote mbili zimeandikwa 7/50! Namba hiyo ina maana nakala ya saba kati ya hamsini, sasa ya saba zitakuwaje mbili? Nikaangalia saini: mkia wa herufi ya mwisho umekatika mahali palepale kwenye zote. Nikachukua lenzi, penseli hakuna. Ni vidoti vya wino, saini imechapwa pamoja na picha. Na hiyo karatasi ya pamba ni plastiki ya mabango, ile tunayoiona kwenye kampeni, bado inanuka wino. Cheti kimetolewa fotokopi.

Kilichoniuma kuliko hela ni maelezo yaliyo chini ya picha: "Mtemi Mirambo akiwashinda Wajerumani, 1891." Mirambo alifariki Desemba 1884, Wajerumani hawajaanza hata kutawala huku. Vita vyake vikubwa vya miaka ya 1870 vilikuwa na Waarabu wa Unyanyembe waliokuwa wameshika njia ya misafara. Aliyepigana na Wajerumani hapa Tabora ni Mtemi Isike. Mwaka 1892 walimshambulia wakashindwa kuiteka ngome yake. Januari 1893 wakarudi chini ya Tom von Prince, na walipovunja na kuingia, Isike akalipua ghala la baruti akiwa humo humo ndani. Mtu huyo ndiye tuliyetaka kumwona ukutani, na muuzaji hajahangaika hata kujua jina lake. Mmoja wa wateja wangu ni mwalimu, alitaka kuitundika darasani. Fikiria watoto wa Tabora wanakaa mwaka mzima wakisoma uongo huo ukutani, katika mji ambao Isike alifia.

Picha yake ya vita vya Adwa, Waethiopia walipowashinda Waitalia, nayo imeharibiwa. Wachoraji wa jadi wa Ethiopia wanapochora vita ile ya Machi 1896, Mtakatifu George huwa juu, kwenye farasi mweupe, na jeshi la Mfalme Menelik wa Ethiopia linachorwa uso mzima wakati Waitalia wanaonyeshwa kwa upande. Huyu bwana amechukua picha ya watu mtandaoni akaikata ienee kwenye saizi yake. Mtakatifu George hayupo, imebaki miguu ya farasi. Aliyeichora hapati hata senti.

Ukipenda picha za namna hii, zipo za kweli na wapo wasanii waaminifu. Ila kabla ya kutoa hela, mwombe muuzaji video. Si picha, video: aandike jina lako kwenye kikaratasi, akiweke juu ya picha, kisha ainamishe picha kwenye mwanga wa dirisha. Penseli halisi inang'aa kijivu na kuachana na rangi ya chini yake; saini iliyochapwa haibadiliki. Aonyeshe na mgongo wa karatasi. Anayeuza kitu halali hashindwi dakika moja ya video, huyu wetu akiombwa anakasirika na kusema umemvunjia heshima. Angalia pia jina linalotokea unapotaka kutuma pesa. Kwa wateja wangu wote wawili lilitokea jina jingine kabisa, akadai ni la mhasibu wake.

Namba anabadilisha, kwa hiyo msitegemee kumjua kwa namba. Anayejibu ni mwanaume, mpole sana, anakuita "mzalendo" kwenye kila ujumbe.

Mliokwisha kutuma hela, msifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo yenu. Namba aliyotumia iripotini kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, kisha mkachukue RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu) polisi. Wateja wangu wawili wanakwenda kituoni Jumatatu asubuhi, nami nakwenda nao na zile picha mbili za 7/50. Mwenye ya tatu aniandikie leo au kesho, twende pamoja.